Mtindi wa Barafu wa Bibi Koletha

Tulipomzika baba, msemaji wa familia alisoma wasifu wa marehemu, na katikati yake akasema kwamba huyu ndiye aliyewafundisha watu wa Morogoro kula mtindi wa barafu. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mwanamke mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Kweli kabisa. Ule wa forosadi, mpaka leo sijaona mfano wake." Nilikuwa nimeshika picha ya baba kifuani. Niliinamisha kichwa nikajifunika uso kwa khanga, na watu wakanishika mabega wakidhani nalia. Sikuwa nalia. Niliogopa mtu asije akauona uso wangu wakati ule.

Sisi wa rika langu tunakumbuka jinsi nchi ilivyobadilika tukiwa bado tunavaa kaptula na sketi za shule ya msingi. Nilipoanza darasa la kwanza, sabuni ilikuwa kitu cha foleni. Nilipofika la tatu, mjini kulikuwa na sabuni za rangi tano, redio, biskuti za Dubai na mitumba iliyolundikwa juu ya turubai. Kila mtu alikuwa na mradi. Mwalimu wetu wa hesabu alifuga kuku, nesi wa jirani aliuza vitumbua, na mhadhiri mmoja aliyekuwa akipita kwetu na gari la chuo alianza kusaga unga wa lishe. Ukimuuliza mtu kwa nini, alikujibu kwa neno moja: ruksa.

Baba alikuwa mpima maziwa katika kiwanda cha serikali. Alirudi nyumbani kwetu Kilakala akinukia maziwa yaliyochacha na dawa ya kuoshea chupa, harufu ambayo wengine waliikunjia pua lakini mimi niliiona kuwa harufu ya baba, basi. Kisha kiwanda kikasimama. Nilimsikia mama akimwambia jirani ukutani, "Mume wangu naye amepunguzwa." Jioni ile nilimtazama baba akivua viatu mlangoni, nikajaribu kuona wapi hasa amepunguzwa. Na kweli nilimwona mdogo kuliko juzi. Shati lilimning'inia. Nikaamini kwamba kuna chumba mle kiwandani ambamo watu wanaingizwa wakubwa na kutoka wadogo.

Kwa wiki kadhaa hakusema na mtu. Alikaa barazani akitazama mlima, mawingu yakishuka na kupanda, na mama akatukataza kupiga kelele. Halafu Jumamosi moja asubuhi akatoa baiskeli, akafuta vumbi kiti cha nyuma, akaniita. "Yusta, vaa viatu. Tunakwenda kutafuta mtindi wa barafu mtamu kuliko wote mjini."

Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilikuwa mtoto wa tatu kati ya watano, mtu wa kutumwa chumvi, na leo baba alikuwa ananichukua mimi peke yangu.

Tulianza na duka lililo karibu na soko, ambako mtindi uligandishwa katika vikombe vya plastiki hadi ukawa jiwe, na ukiusubiri uyeyuke unasikia harufu ya samaki waliolala nao kwenye friza. Tulikwenda Msamvu, ambako waliwauzia abiria wa mabasi katika vifuko vya nailoni, mtindi mwekundu ajabu ulioacha rangi kwenye meno siku nzima. Tulikwenda hoteli moja yenye mapangaboi darini, tukaletewa bakuli la kioo na kijiko kidogo, na mhudumu akasimama kututazama kwa sababu tuliagiza bakuli moja watu wawili. Ule ulikuwa laini, lakini ulikuwa na utamu wa vanila ya chupa ambao ulikwama kooni. Tulifika hadi Dumila, kwa lori la rafiki yake, kwa sababu mtu alimwambia kuna mama pale njia panda anayetumia maziwa ya wafugaji. Tulipofika tukaambiwa mama huyo amehamia Dodoma.

Kila mahali baba alinifundisha kuonja. "Kunywa maji kwanza. Sasa fumba macho. Uweke juu ya ulimi, usimeze. Ladha gani inatangulia?"

"Chachu."

"Halafu?"

"Sukari. Halafu... kama karatasi."

"Hiyo ni maziwa ya unga," alisema, na akacheka, na kucheka kwake kulinipa joto hadi tumboni. Yeye alionja kijiko kimoja tu, kilichobaki akaniachia. Nilifikiri anafanya hivyo kwa kunipenda. Niliwaambia wenzangu shuleni kwamba baba yangu amepunguzwa kazi na ni jambo zuri sana, nao waombe baba zao wapunguzwe.

Bibi Koletha tulimpata Bigwa, mwisho wa mji, mahali barabara inapoanza kuelekea mlimani. Hakuwa na duka. Alikuwa na kibanda cha makuti mbele ya nyumba ya tofali za kuchoma, benchi moja, na ndani friji kuukuu ya mafuta ya taa aliyopewa na masista wa misheni aliowapikia karibu maisha yake yote. Friji hiyo iligandisha kidogo tu, visahani ishirini au zaidi kidogo kwa siku, na kufika saa nane mchana vilikuwa vimekwisha. Wanafunzi walitembea kutoka mbali kuviwahi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye rozari shingoni na vidole vilivyojikunja kwa baridi yabisi, na alizungumza kwa kuvuta mwisho wa maneno kama wanavyozungumza Waluguru wa juu mlimani.

Niliweka kijiko cha kwanza mdomoni bila hata kunywa maji. Uchachu ulitangulia, mpole. Ukafuata utamu wa asali, kisha forosadi, yale matunda madogo meusi yanayotia wino kwenye vidole. Na mwisho kabisa, baada ya kumeza, palibaki kitu kingine nyuma ya ulimi, chepesi, chenye harufu zaidi ya ladha. Nilifumbua macho nikamwona baba naye amefumba yake. Alikuwa hajawahi kufumba.

"Hiki cha mwisho ni nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui."

"Hata mimi sijui," alisema.

Alirudisha kisahani, akasalimiana na Bibi Koletha kwa adabu nyingi, shikamoo mbili, na wakaongea. Nilimsikia akisema kwamba sisi tumetoka Rukwa, kwamba mama yake na mama wa mke wake wote wamekwisha kufa, na huyu mtoto hajui bibi ni nini. Bibi Koletha akanitazama. "Masikini. Basi na aje hapa Jumamosi, anisaidie kuchambua forosadi. Vidole vyangu vimekataa."

Njiani baba alisimamisha baiskeli. "Usimwambie bibi habari za kiwanda," alisema. "Watu wanawacheka waliopunguzwa. Akikuuliza kazi yangu, mwambie napumzika." Nikaona huruma. Nikaapa moyoni kumlinda baba.

Basi kila Jumamosi alinipeleka hadi kwenye mchongoma ulioko barabarani, akaniacha hapo, na mchana akanisubiri hapo hapo. Hakuingia tena uani kwa Bibi Koletha hata mara moja. Nilidhani anaona haya.

Nikiyasema haya ya Jumamosi zile naogopa yasionekane madogo. Nilipewa kigoda changu, na aproni iliyokatwa kutoka kwenye shuka la masista. Nilifundishwa kuchemsha maziwa kwa moto wa taratibu nikikoroga kwa mwiko ule ule mmoja ili yasishike chini. Nilifundishwa kujaribu joto lake kwa kidole kidogo, nikihesabu hadi kumi bila kukitoa, ndipo unatia kianzio cha mtindi wa jana. Nilifundishwa kuufunga mtindi katika kitambaa cheupe na kuutundika kwenye boriti, na tukakaa chini yake tukisikia maji yake yakidondoka kwenye sufuria, toh, toh, Bibi Koletha akinisimulia jinsi masista walivyokuwa wakigombana juu ya nani kafungua chupa ya divai. Ukishauweka kwenye friji unautoa kabla haujashika, unaupiga, unaurudisha, mara tatu. "Mvivu anaupiga mara moja," alisema, "na barafu inamsaliti mbele ya wageni." Aliniita mjukuu. Hakuniita Yusta kamwe. Akipita mtu alisema, "Huyu ni mjukuu wangu," wala hakuongeza maelezo, na mtu akiniangalia, mrefu na mweusi nisiyefanana naye hata kidogo, yeye alimkazia macho mpaka anaondoka.

Njiani kurudi, nimekaa nyuma ya baiskeli nimemshika baba kiunoni, aliniuliza. "Leo mmefanya nini? Alianza na nini? Maziwa alichemsha kiasi gani? Asali inaingia kabla au baada?" Mimi nikasimulia. Baba ambaye nyumbani alikuwa bubu aliuliza swali juu ya swali, na nilipojibu vizuri alipiga kengele ya baiskeli mara mbili, hata kama barabara ilikuwa tupu. Ile kengele ilikuwa yangu.

Mara moja niliwasikia wakigombana, yeye na mama, jikoni.

"Lakini mtoto anajua anachokifanya?" mama aliuliza.

"Mtoto anakula barafu. Kosa lake nini?"

"Siongelei barafu, na wewe unajua."

Mimi nikaelewa kwamba mama anahofia koo langu, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa vikohozi. Kuanzia siku hiyo nikawa nafunga skafu nikienda Bigwa, ili mama asipate sababu ya kunizuia.

Kitu kile cha mwisho, chepesi, kile ambacho baba hakukijua, nilikaa miezi bila kukiona. Bibi Koletha alikifanya kabla sijafika; siku zote niliyakuta maziwa yakiwa tayari motoni. Halafu Jumamosi moja alikuwa na homa, hakuamka mapema, nami nikamkuta ndiyo kwanza anaweka maziwa jikoni. Akasimama kidogo, akanitazama. Kisha akafungua kopo la bati lililokuwa nyuma ya sanamu ya Bikira Maria na kutoa ganda la chenza lililokauka, gumu kama ngozi.

"Linaanikwa kivulini," alisema. "Juani linakufa. Unatia moja kwenye maziwa yakianza kutoa mvuke, unalitoa kabla hayajachemka. Likizidi, uchungu. Hata masista sikuwaambia, walidhani ni Roho Mtakatifu." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanishika kidevu. "Hili ni langu na lako, mjukuu. Usimwambie mtu. Nikifa, utakuwa nalo."

Nilisema ndiyo, bibi.

Na nilinyamaza kweli. Wenzangu mnaosoma haya, nataka mjue kwamba nilijaribu. Siku hiyo baba aliuliza, "Na kile cha mwisho, umekiona?" Nikasema bado. Jumamosi iliyofuata akauliza tena, nikasema bado, lakini nadhani aliusikia uongo katika mikono yangu, maana nilikuwa nimemshika kiunoni. Hakunigombeza. Tukapita daraja, tukapita shule, tukapita pale ambapo siku zote alipiga kengele, na hakupiga. Nyumbani alirudi barazani akatazama mlima. Wiki nzima sikusikia sauti yake. Chakula kikaletwa, akala, akaondoka.

Jumamosi ya tatu nilimwambia hata kabla hajauliza. Nilisema mdomo wangu ukiwa mgongoni kwake, ndani ya shati. "Ni ganda la chenza. Lililoanikwa kivulini."

Alisimamisha baiskeli katikati ya barabara. Akashuka, akaninyanyua juu kama mtoto mchanga, na akasema, "Wewe ndiye mtoto wangu." Kisha akapiga kengele njia nzima hadi Kilakala, watu wakitugeukia, nami nikicheka bila kugeuka kutazama Bigwa.

Hakunipeleka tena Bigwa. Alisema bibi amesafiri. Niliuliza mara mbili, nikaacha.

Duka la baba lilifunguliwa baada ya mvua, kwa kiinua mgongo cha kiwandani, kwenye barabara kubwa ya mjini, na mashine ya kuzungushia mtindi iliyotoka Dubai, friza mbili, feni, na kuta zilizopakwa rangi ya waridi. Siku ya kwanza foleni ilifika kwa fundi saa. Mimi nilivaa gauni jipya. Baba alinionjesha kabla ya kufungua mlango, nikafumba macho, na kwa sekunde moja nilijiona nimekaa kwenye kigoda changu chini ya boriti. Ulikuwa ule ule. Nilijivuna. Nataka kusema kwamba nilielewa, lakini sikuelewa. Nilidhani sasa kila mtu mjini atakula mtindi wa Bibi Koletha, na yeye vidole vyake vitapumzika. Hata nilipomsikia baba akisema amepanda mlimani na gari akaafikiana na mwenye shamba la forosadi kuchukua mavuno yote, nilifurahi. Mwenye shamba lile alikuwa kaka yake Bibi Koletha. Nikaona sasa tumekuwa ndugu kabisa.

Alikuja mwezi uliofuata, mchana, duka limejaa. Alivaa nguo zake za kanisani na viatu. Nilimwona kupitia kioo nikapiga kelele, "Bibi!" nikapenya kati ya watu, nikamkumbatia kiunoni. Hakunisukuma, lakini mikono yake haikunigusa. Nilikimbia nyuma ya kaunta, nikajaza kikombe kikubwa kuliko vyote, nikamletea kwa mikono miwili.

"Onja, bibi. Ni kama wetu!"

Alichukua kijiko. Alionja akiwa amesimama, macho wazi. Nilimwona koo likimeza, kisha nikamwona anangoja. Alikuwa anangoja kile cha mwisho. Kilipofika, uso wake haukubadilika. Ni mabega tu yaliyoshuka, kama mtu aliyetua ndoo.

Baba alikuwa ametoka nyuma. "Shikamoo, mama," alisema.

Hakuitikia. Watu walisikia kwamba mzee amesalimiwa na hakuitikia, wakageuka kututazama. Akaweka kikombe kwenye kaunta taratibu, akaninyooshea kijiko, nikakipokea.

"Ni mtamu," aliniambia. "Umejifunza vizuri, Yusta."

Hilo ndilo lililonifumbua. Hakulia, hakulaani. Aliniita kwa jina langu. Alipotoka nilisimama na kile kijiko mkononi mpaka mtindi ukanichirizikia hadi kwenye kiwiko.

Jioni tulipofunga nilimuuliza baba. "Kwa nini ulichukua mtindi wa bibi?"

Alikuwa anafuta mashine. "Nilimkataza kuuza? Kila mtu ruksa, Yusta. Wale walionitoa kazini waliniuliza mimi?" Akafuta tena pale pale palipokuwa pamekwisha kung'aa. "Na wewe unataka kusoma au hutaki?"

Nilitaka kusoma. Nilisoma. Kibanda cha Bigwa kilikufa kabla mwaka haujaisha. Wateja walikuwa na pa karibu zaidi pa kununua, na forosadi hazikushuka tena kwake. Alirudi kwao, juu ya Mlali. Duka letu lilinivusha sekondari yote, mimi na ndugu zangu, na mama, ambaye hakuwahi kuonja kijiko hata kimoja mle ndani, alikubali ada zilipwe. Halafu wakaja wenye mitaji, na mtindi wa makopo kutoka nje, na duka la vioo lenye muziki, na baba naye akamwangalia mteja mmoja mmoja akivuka barabara kwenda ng'ambo. Mashine ya Dubai iliishia kuuzwa kama chuma. Alirudi barazani kutazama mlima, na safari hii sikumwonea huruma kama nilivyopaswa. Hatukuzungumza jambo lile tena hadi anakufa.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda kumtafuta. Nilifika Mlali, nikaulizia, nikapanda kwa miguu kati ya mashamba ya kabichi na vitunguu, nimebeba khanga na kilo mbili za sukari. Nilimkuta kibarazani akichambua maharage kwa vidole vile vilivyojikunja, polepole, moja moja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu mgeni."

Nilijitaja. Alisema anajua. Akamwita binti wa kaka yake aniletee kiti na maji na magimbi ya kuchemsha. Akaniuliza habari za nyumbani, za mama, za masomo, na za baba pia, bila kubadilisha sauti. Nikamwambia duka limekufa. "Poleni," alisema.

Nilipiga magoti. Nilisema, "Bibi, ni mimi niliyemwambia habari ya ganda. Uliniambia nisiseme. Nisamehe."

Aliacha kuchambua. "Kaa kitini, utachafua nguo," alisema. Nikakaa. "Nilikwisha kukusamehe zamani. Ulikuwa mtoto, na alikuwa baba yako. Ningekuwa mimi, labda ningesema siku ile ile ya kwanza."

Nikaanza kulia kwa nafuu. Nikasogeza kiti, nikanyoosha mkono nimsaidie kuchambua maharage. Akauvuta ungo upande wake, taratibu tu, kama mtu asiyetaka mgeni achoke.

Wakati huo jirani yake alipita na mzigo wa kuni, akasimama kusalimia, akanitazama kwa udadisi. "Bibi Koletha, na huyu binti ni nani?"

Nilimwangalia. Nilingoja.

"Wa mjini," alisema, akiendelea na maharage yake. "Mteja wangu wa zamani."